Gofu na Sanaa Florence: Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: namna ya kwenda Florence, Italia, kwa siku chache, kucheza gofu na kuuona mji bila kimoja kukila kingine. Tumechagua zile zinazogusa mambo yanayowakwamisha wengi. Baadhi tumezifupisha.

Swali: Ndugu Mhariri, tuko marafiki wanne, handikapu zetu (mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) ni kati ya 16 na 24. Tunataka kulala Florence mara nne, tucheze raundi mbili, siku iliyobaki tuone makumbusho. Kila tukipanga, kitu kimoja kinagongana na kingine. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzieni kwenye siku za juma. Wengi hukamata kwanza tiketi ya ndege ya bei nafuu, kisha ndipo waanze kuulizia uwanja, na hapo ndipo mgongano unapozaliwa.

Florence ina kalenda mbili zisizopatana. Ya kwanza ni ya viwanja vya gofu. Klabu nyingi za Italia ni za wanachama, na Jumamosi na Jumapili wanachama huwa na mashindano yao, wanayoyaita gara. Siku ya gara, tii ya kwanza, yaani pale pa kuanzia mchezo, hushikwa tangu asubuhi mpaka mchana, na mgeni huambiwa asubiri au arudi siku nyingine. Ya pili ni ya makumbusho. Uffizi, Accademia yenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo, na Palazzo Pitti, zote hufungwa Jumatatu. Kwa hiyo anayefika Ijumaa na kuondoka Jumanne, kama wafanyavyo wengi, hujikuta Jumamosi na Jumapili uwanja umejaa, na Jumatatu milango ya makumbusho imefungwa.

Tunawashauri mfike Jumapili, mwondoke Alhamisi. Jumatatu chezeni gofu. Jumanne iwe ya makumbusho. Jumatano rudini uwanjani. Siku ya kupumzisha miguu kati ya raundi mbili si anasa, maana viwanja vya upande ule vina vilima. Lakini kuna mtego mmoja: baadhi ya klabu hufunga siku moja kwa juma, hasa miezi ya baridi, na mara nyingi siku hiyo ni Jumatatu. Ulizeni mapema siku ya chiusura settimanale. Ikiwa ni Jumatatu, sogezeni gofu Jumanne na Jumatano, na Jumatatu mfanye yale yasiyofungwa siku hiyo: kanisa kuu na kuba lake, mnara wa Giotto, Palazzo Vecchio, na kanisa la Santa Croce walikozikwa Michelangelo, Galileo na Machiavelli. Uffizi na Accademia mtazipanga Jumanne na Jumatano baada ya saa tisa alasiri, mkiwa mmeanza kucheza mapema.

Utaratibu wa kulipia nao una mpangilio wake. Kwanza pateni jibu la maandishi kutoka klabuni lenye tarehe na saa ya kuanza. Kisha ndege. Kisha tiketi za makumbusho zenye saa maalumu. Hoteli iwe ya mwisho, kwa sababu hoteli zipo nyingi kuliko nafasi za Uffizi.

Angalieni pia sikukuu: tarehe 25 Aprili, 1 Mei, 2 Juni na 15 Agosti ni mapumziko ya taifa zima, na 24 Juni ni siku ya Mtakatifu Yohana, msimamizi wa Florence. Siku hizo klabu huzihesabu kama mwisho wa juma, gara zipo na ada hupanda. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio cha makumbusho ya serikali ni bure. Inavutia, lakini foleni yake hula nusu siku. Kwa safari fupi kama yenu, epukeni.

Swali: Nasikia Ugolino ndio uwanja wa kucheza ukiwa Florence. Handikapu yangu ni 22, mpira wangu hauendi mbali. Utanishinda? Na kuna mwingine wa karibu?

Jibu: Hautakushinda kwa urefu. Utakaokusumbua ni mteremko.

Ugolino uko kusini mwa mji, kama kilomita 12 kutoka katikati, kando ya barabara ya Chiantigiana inayoelekea kwenye mashamba ya mizabibu ya Chianti. Una mashimo 18, par (idadi ya mikwaju uliyopangiwa uwanja) 72, na ulichorwa na Blandford na Gannon ukafunguliwa mwaka 1934. Jengo la klabu ni la mwaka huohuo, kazi ya msanifu Gherardo Bosio, na linastahili kutazamwa hata na asiyejua gofu. Mashindano ya wazi ya Italia ya mwaka 1983 yalifanyika hapo, akashinda Bernhard Langer. Urefu wake haufiki mita 6,000, ambao kwa viwanja vya leo ni mfupi. Ila njia zake zimepita katikati ya mizeituni na misonobari juu ya vilima, na grini nyingi, yaani sehemu za majani mafupi zenye shimo, ni ndogo.

Kwa mchezaji wa handikapu 22, makosa yatatokea pale mguu mmoja unapokuwa juu kuliko mwingine, au mpira unapokuwa juu au chini ya nyayo. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira ulio juu ya nyayo huvutwa kushoto. Shika fimbo chini kidogo, kama sentimita mbili tatu, na lenga kulia ya shabaha. Ulio chini ya nyayo hukimbilia kulia. Piga magoti zaidi, ubaki umeinama hivyohivyo mpaka mkwaju uishe, na lenga kushoto. Ukipiga kupanda, kadiria kwamba kila mita moja ya kimo inaongeza mita moja ya umbali: grini iliyo mita 130 mbele na mita 10 juu yako, ichezee kama mita 140. Kushuka ni kinyume chake.

Mizeituni nayo ina adhabu yake. Matawi ni ya chini na shina lina mafundo, kwa hiyo mpira ukisimama karibu nalo huna nafasi ya kuzungusha fimbo. Wengi hujaribu kuupigapiga utoke na kupoteza mikwaju mitatu. Kanuni ya 19 inakuruhusu kuutangaza mpira hauchezeki kwa adhabu ya mkwaju mmoja: unauangusha ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kusogelea shimo, au unarudi nyuma kwenye mstari unaounganisha shimo na mpira, au unarudia pale ulipopiga mwanzo. Chini ya mzeituni, hesabu hiyo ya mkwaju mmoja ndiyo nafuu karibu kila mara.

Jambo linalowaponza wageni wengi ni vipimo. Italia hupima viwanja kwa mita. Aliyezoea yadi akiona 140 kwenye kibao huchukua fimbo ya yadi 140, kumbe umbali halisi ni yadi 153, na mpira huishia kwenye banka la mbele, yaani mtego wa mchanga. Tofauti hiyo ni fimbo nzima. Kabla ya kuondoka, badilisha kifaa chako cha kupimia umbali kisome mita, na andika kwenye kikaratasi masafa ya kila fimbo yako kwa mita: yadi 150 ni mita 137, yadi 120 ni mita 110, yadi 100 ni mita 91.

Handikapu yako pia itabadilika kulingana na uwanja. Chukua fahirisi yako ya handikapu, yaani namba iliyo kwenye cheti chako, zidisha kwa slope (kipimo cha ugumu kwa mchezaji wa kawaida) ya tii utakayochezea, gawanya kwa 113, kisha ongeza tofauti ya course rating (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) na par. Kwa mfano tu: fahirisi 20.0, slope 130, course rating 71.0 na par 72. Ishirini mara 130 ni 2,600. Ukigawanya kwa 113 unapata 23.0, toa 1, unacheza na mikwaju 22. Jedwali lenye hesabu hii tayari hubandikwa klabuni, lakini ni vyema ujue linatoka wapi ili uchague tii kwa akili. Tii fupi haikupunguzii heshima, inakupunguzia mikwaju tu.

Ukitaka tambarare, nenda Le Pavoniere, Prato, kaskazini-magharibi mwa Florence. Ulichorwa na Arnold Palmer na una maji mengi, kwa hiyo beba mipira ya ziada. Poggio dei Medici uko Scarperia, kwenye bonde la Mugello, kama kilomita 30 kaskazini. Kule hewa ni ya baridi kidogo kuliko mjini, jambo linalosaidia wakati wa joto. Kwa raundi mbili, tungechagua Ugolino kwanza na mmoja kati ya hii miwili baadaye. Kurudia Ugolino pia si vibaya: raundi ya pili unajua mpira unaangukia wapi nyuma ya vilima.

Swali: Nimeiandikia klabu moja barua pepe mara mbili, sijajibiwa. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hukukosea, ila huenda hukuwapa la kujibu. Barua inayouliza tu "mna nafasi mwezi wa tano?" huwekwa kando. Iandikie ofisi ya klabu, segreteria, kwa Kiitaliano chepesi au Kiingereza, na ndani yake uweke yote kwa mkupuo mmoja: tarehe unayotaka na ya akiba, saa unayopendelea kuanza, idadi ya wachezaji, jina la kila mmoja, klabu yake na fahirisi yake ya handikapu, fimbo za kukodi ngapi, za mkono wa kulia au wa kushoto, za wanaume au wanawake, toroli za kuvuta, za umeme, au vigari. Ambatanisha cheti cha handikapu. Malizia kwa kuuliza mambo mawili: je, siku hiyo kuna gara, na ada ni ya feriale au ya festivo, yaani siku ya kazi au ya mapumziko.

Cheti hicho ni muhimu kuliko unavyodhani. Klabu za Italia humtaka mgeni aonyeshe kwamba ni mwanachama wa klabu inayotambuliwa na kwamba ana handikapu, na nyingine huweka kiwango cha juu cha handikapu kwa uwanja wa mashimo 18. Asiye nacho hupelekwa uwanja wa mazoezi. Chapisha nakala, usitegemee simu. Na uombe cheti kwenye klabu yako chenye tarehe ya karibuni, maana cha mwaka jana huleta maswali mezani.

Usipojibiwa ndani ya juma moja, piga simu asubuhi ya siku ya kazi. Usipige Jumamosi wala Jumapili, kwa kuwa siku hizo watu wa ofisi wote wako kwenye gara.

Swali: Nibebe fimbo zangu au nikodi kule? Mume wangu anasema tukodi, mimi naogopa fimbo za watu.

Jibu: Dada, kwa raundi moja, kodi. Kwa raundi mbili au zaidi, na hasa kama fimbo zako zimepimwa kwa kimo chako, beba. Mkitaka kupatana, kila mmoja abebe nusu: wewe chukua fimbo unazoziamini, yaani ile ya kwenye grini, weji mbili (fimbo za mikwaju mifupi) na aini ya 7 (fimbo ya chuma ya masafa ya kati), uzifunge katikati ya nguo kwenye sanduku la kawaida, kisha ukodi seti kule kwa ajili ya mikwaju mirefu. Kumbuka tu kwamba ukianza raundi hutakiwi kuwa na zaidi ya fimbo 14 kwenye mfuko, kwa hiyo toa za kukodi zilizozidi. Fimbo usizipeleke kwenye mizigo ya mkononi, zitazuiwa pale pa ukaguzi.

Ukibeba seti nzima, pima mzigo nyumbani. Seti ya fimbo 14 kwenye mfuko mwepesi, ukichanganya na begi la safari la nje, mara nyingi hufika kilo 15 hadi 17, na mashirika mengi huweka ukomo wa kilo 23. Nafasi inayobaki hujazwa na viatu na mipira. Mpira mmoja kwa kanuni hauzidi gramu 45.93, kwa hiyo dazeni moja ni zaidi kidogo ya nusu kilo. Fungua kichwa cha draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, na ukifunge kwenye soksi nene. Kama draiva yako haifunguki, simamisha ndani ya mfuko fimbo ya kinga iliyo ndefu kuliko draiva kwa sentimita 3 hadi 5, ili begi likidondoshwa kwa kichwa, kinga ndiyo ipokee kishindo. Zungushia taulo kwenye shingo za aini. Betri ya ziada ya simu ikae nawe ndani ya ndege, kamwe isiwe kwenye begi la fimbo.

Viatu na glavu weka kwenye mzigo wa mkononi. Fimbo zikichelewa unaweza kukodi, lakini viatu vya kukukaa sawasawa ni shida kuvipata asubuhi ya mchezo.

Na usipange kucheza siku ya kufika, hata kama ndege inatua asubuhi. Uwanja wa ndege wa Florence, ulioko Peretola, una njia fupi ya kurukia na mlima Morello uko karibu. Upepo ukigeuka, ndege hupelekwa Pisa au Bologna. Hilo si tukio la ajabu, hutokea. Ukishushwa Pisa, treni ndogo ya PisaMover inakufikisha stesheni ya Pisa Centrale kwa dakika chache, na kutoka hapo treni ya Florence huchukua kama saa moja. Ukishushwa Bologna, panda Marconi Express hadi stesheni kuu, halafu treni ya mwendo kasi ambayo ni kama dakika 40. Treni za mwendo kasi zina kanuni za ukubwa wa mizigo, na begi la gofu ni refu kuliko sanduku la kawaida, kwa hiyo soma kanuni hizo kabla ya kulipa. Ukitua Peretola penyewe mambo ni mepesi: tramu ya T2 inakufikisha karibu na stesheni ya Santa Maria Novella kwa dakika zipatazo 20.

Swali: Tukodi gari? Rafiki yangu alirudi kutoka Florence, baada ya miezi akaanza kupokea faini moja baada ya nyingine.

Jibu: Faini hizo ni za ZTL, eneo la katikati ya mji ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi. Hakuna kizuizi wala askari, kuna kamera inayosoma namba za gari. Florence eneo hilo hufungwa Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 2 usiku, na Jumamosi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Majira ya kiangazi huongezwa saa za usiku kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi. Kinachowachanganya madereva ni kibao cha taa kilichoandikwa VARCO ATTIVO. Mtu akiona "attivo" hudhani njia iko wazi. Maana yake ni kwamba kamera inafanya kazi, usipite. Kila unapopita ni kosa jipya, kwa hiyo anayezunguka akitafuta hoteli anaweza kukusanya faini tatu ndani ya dakika kumi. Kampuni ya gari nayo hukutoza ada yake ya kutoa jina lako kwa polisi, juu ya faini yenyewe.

Kama hoteli yenu iko ndani ya ZTL, iulizeni kabla ya kufika kama itaisajili namba ya gari lenu, na muipate kauli hiyo kwa maandishi. Njia iliyo salama zaidi ni kuliacha gari nje kabisa. Kuna maegesho ya Villa Costanza, Scandicci, yanayoingiliwa moja kwa moja kutoka barabara kuu ya A1. Unaegesha, unapanda tramu ya T1 iliyo pale pale, unashuka Santa Maria Novella baada ya dakika ishirini na kitu. Siku ya gofu unarudi kulichukua gari, unashika A1, na unatokea Firenze Sud au Firenze Impruneta kuelekea Ugolino bila kuugusa mji.

Dereva mwenye leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida anahitaji pia kibali cha kimataifa cha kuendesha. Kampuni inaweza kukupa gari bila kukiulizia, lakini polisi wakikusimamisha wataulizia.

Mkiwa wanne na raundi ni mbili tu, tungesema acheni gari. Teksi ya Florence haisimamishwi kwa kupunga mkono barabarani; huchukuliwa kituoni au kwa simu. Ombeni hoteli iwaitie teksi kubwa tangu jana yake, mseme mna mifuko minne ya gofu. Wakati wa kurudi, iombeni segreteria iwaitie kabla hamjaingia kuoga, kwa kuwa Ugolino hakuna kituo cha teksi na gari hutoka mjini.

Swali: Mke wangu hachezi gofu kabisa. Naogopa safari itakuwa yangu peke yangu.

Jibu: Itakuwa yako peke yako kama utacheza saa nne na nusu asubuhi, ukala klabuni, ukarudi mjini jioni umechoka. Chukua muda wa kuanza wa mapema kabisa, kama saa 2 asubuhi. Ukimaliza saa 6 na nusu mchana na kurudi saa 8, mnabaki na nusu siku nzima pamoja. Siku moja aende naye Ugolino kwa ajili ya chakula cha mchana na mandhari ya Chianti, kama atapenda. Siku nyingine abaki mjini, na usimwekee orodha ya mambo ya kufanya.

Angalizo moja kubwa: usipange kupanda kuba la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi, siku uliyocheza. Kuba hilo lililojengwa kati ya 1420 na 1436 lina ngazi 463, hakuna lifti, na njia ni nyembamba kiasi kwamba ukishaanza kupanda hakuna pa kujitenga upumzike kwa raha. Baada ya mashimo 18 ya vilima, magoti yatagoma katikati ya safari, nyuma yako kuna foleni. Kuba lipande siku usiyocheza, mkeo awe nawe, na mchukue saa ya kwanza ya asubuhi. Tiketi yake ina saa maalumu, na ukichelewa umepoteza. Jioni ya siku ya gofu isiyo Jumatatu mpeleke Accademia: sanamu ya Daudi ina kimo cha mita 5.17, na saa moja na nusu inatosha bila kuzunguka sana. Uffizi inahitaji saa tatu na miguu mipya.

Mavazi nayo yanaingiliana. Klabu inataka shati lenye kola na haipokei jinzi. Kanisa kuu linataka mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Kaptura ya gofu inayoishia juu ya goti itakukubalia uwanjani na kukugomea mlangoni mwa kanisa, kwa hiyo weka suruali kwenye begi kama unapitia huko moja kwa moja.

Swali: Mwezi gani ni mzuri?

Jibu: Mei, kisha Septemba, kisha nusu ya kwanza ya Oktoba. Julai na Agosti jua la mchana hupita nyuzi 30 siku nyingi, na Florence imelala bondeni, hewa haitembei. Ukilazimika kwenda miezi hiyo, anza kucheza alfajiri, na beba lita mbili za maji kwa kila mtu. Novemba ndio wenye mvua nyingi, na saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tofauti yake ni kubwa: katikati ya Oktoba jua huzama yapata saa 12 na nusu jioni, mwanzoni mwa Novemba ni saa 11 na dakika chache tu. Raundi ya wanne huchukua saa nne na nusu, basi Novemba asiyeanza kabla ya saa 6 mchana hatamaliza.

Swali: Viza ya Schengen tuombe lini, na twende na nini cha ziada kwa sababu ya gofu?

Jibu: Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisiwe chini ya siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Kwa hiyo miezi mitatu kabla ni muda mzuri. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe hai kwa miezi mitatu baada ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Soma bima hiyo: iliyo nyingi inalipia hospitali na kurudishwa nyumbani, haigusi fimbo zilizovunjika wala mpira uliompiga mtu. Kama kuna nyongeza ya michezo, ichukue.

Jibu la klabu lenye tarehe na saa ya kuanza liambatanishe na ombi. Linaeleza sababu ya safari vizuri kuliko maelezo marefu. Chagueni hoteli inayoruhusu kufuta bila malipo mpaka viza itoke. Na mkifika mpakani, tengeni muda: tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa Ulaya wa kusajili picha na alama za vidole za wageni umeanza kutumika, na foleni zimerefuka katika baadhi ya viwanja vya ndege.

Wekeni pia euro za kodi ya kulala. Florence huitoza kwa kila mtu kwa kila usiku, kulingana na nyota za hoteli, na kwa kawaida haimo kwenye bei mliyolipa mtandaoni. Hulipwa mapokezi siku ya kuondoka.

Swali: Mvua ikinyesha siku tuliyolipia, hela zinarudi? Na kedi tutampata?

Jibu: Kedi, yaani mbeba fimbo, usimtegemee. Utavuta toroli mwenyewe, na kwa Ugolino lipia ya umeme kama ipo, iagize wakati wa kuweka nafasi kwa sababu huisha. Kigari kinasaidia, lakini ardhi ikilowa hukatazwa kutoka kwenye njia, halafu unatembea karibu uleule.

Kuhusu mvua, mvua peke yake haikurudishii hela. Uwanja ukifungwa na klabu yenyewe kabla hujaanza, nyingi hukupa siku nyingine au kukurudishia, lakini masharti ni ya kila klabu, yaulize kwa maandishi. Radi ni jambo jingine: honi ikilia mara moja kwa muda mrefu, simamisha mchezo pale pale, weka alama mpira wako ulipo ukitaka kuuokota, na ondoka. Usijikinge chini ya msonobari wala mzeituni. Rudi kwenye jengo la klabu.